Muulize Mama Kitalu: Pesa ya miti ya mjini inatoka wapi, na inaishia wapi?

Miezi mingine mnaniuliza kuhusu mchwa, ukungu wa majani na kwa nini mwembe wa jirani unazaa na wenu hauzai. Safari hii barua karibu zote ni za pesa. Nimezifupisha na majina nimeyaondoa. Kwa wageni wa safu hii: nilitumikia idara ya bustani ya manispaa hapa Dar es Salaam mpaka nikastaafu, na sasa nina kitalu changu cha kando ya barabara. Nimewahi kukaa upande wa wanaoombwa miche, leo nakaa upande wa wanaoiuza. Majibu yangu yasomwe hivyo.

Shikamoo Mama Kitalu. Mimi ni katibu wa kamati ya mazingira ya mtaa wetu, huku Kinyerezi. Mwaka juzi tulipewa miche mia nne bure, tukaipanda Aprili mosi, mgeni rasmi akaja. Leo ukihesabu iliyobaki huifikishi hamsini. Tunataka kuomba fedha tupande upya. Tuombe wapi, na tuandikeje?

Marahaba, katibu. Kabla ya "wapi" tuanze na "shilingi ngapi", maana hapo ndipo barua nyingi za maombi zinapokufa, na miche nayo inafuata.

Miche yenu haikufa kwa kukosa pesa ya kupandia. Iliangukia kiangazi. Aprili mosi, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, kwa sisi wa Pwani ni tarehe nzuri kabisa, masika imekolea na udongo umelowa. (Wenzetu wa Dodoma, wenye msimu mmoja wa mvua, Aprili kwao mvua inaaga; wakisubiri tarehe ya kitaifa wanapanda vijiti.) Tatizo ni Juni, mvua ikiisha, fulana zimeshafuliwa na mgeni rasmi yuko kwenye shughuli nyingine.

Chukua kalamu. Mche wa mkungu au mwarobaini uliofika magotini nauza shilingi elfu mbili, ulioshiba zaidi elfu tatu. Kijana wa kuchimba shimo la futi mbili na kulijaza samadi na udongo wa juu, elfu mbili. Hapo watu hufunga daftari wakasema mti mmoja ni elfu nne au tano. Fungua tena. Kuanzia Juni mpaka vuli ikolee ni wiki ishirini hivi. Mche upate dumu moja la lita 20 mara mbili kwa wiki: madumu arobaini. Kioskini kwangu dumu ni shilingi mia, basi elfu nne kwa mwaka. Mti wa mjini, uliozungukwa na lami na udongo wa kifusi, unanyweshwa miaka miwili bila mjadala, na wa tatu ukiwa na uwezo. Hiyo ni elfu nane hadi kumi na mbili ya maji tu. Weka tenga la fito la kuzuia mbuzi, elfu tano. Jumla inagonga elfu ishirini, na bado hujamlipa mtu anayebeba hayo madumu.

Kwa hiyo miche mia nne "ya bure" ilikuwa na deni la shilingi milioni nane ambalo hakuna aliyewaambia. Mkiomba milioni mbili, pandeni mia moja, si mia nne. Najua mia moja haipendezi kwenye taarifa. Kuna agizo la siku nyingi kwamba kila halmashauri ipande miti milioni 1.5 kwa mwaka, na afisa aliye chini ya shinikizo la namba atawabembeleza mchukue zaidi. Kataeni kwa heshima.

Sasa wapi. Kwanza, Mfuko wa Misitu Tanzania, ambao msingi wake ni Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Unatoa ruzuku, yaani hamrudishi, na vikundi vya jamii vinaruhusiwa kuomba. Wanapotangaza kupokea maombi, muwe mmeshajiandaa: usajili wa kikundi, akaunti ya benki, na barua ya serikali ya mtaa inayoonyesha eneo mnalopanda ni la nani. Hili la mwisho lisiwapite. Hifadhi ya barabara si yenu, hata kama mmeifagia miaka kumi, na upanuzi ukija miti inaondoka bila fidia.

Pili, bajeti ya halmashauri yenu wenyewe. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi, lakini vipaumbele vya mtaa hukusanywa miezi mingi kabla na kupita kwenye kamati ya maendeleo ya kata. Wengi wetu tunakwenda kudai baada ya bajeti kupita. Nendeni mapema na kitu kidogo chenye bei: simtangi moja la lita elfu tano pale shule ya msingi na posho ya mwangalizi mmoja. Diwani anaweza kukitetea kitu kama hicho kikaoni. "Kuboresha mandhari" hakuna wa kuitetea.

Kuhusu kuandika: waambieni watoa fedha wawalipe kwa mti ulio hai. Hili si wazo la kitaluni kwangu. Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone, walilifanya. Agosti 2017 mlima ulimeguka juu ya jiji lile baada ya mvua kubwa, watu zaidi ya elfu moja wakafa, na sababu mojawapo ni mteremko kukatwa miti na kujengwa. Januari 2020 Meya Yvonne Aki-Sawyerr akaanzisha kampeni ya miti milioni moja. Wananchi wa mitaa ileile ndio wapandaji. Kila mche unapigwa picha kwa simu na kupewa namba yake, kisha mtunzaji anarudi kwenye mche uleule baada ya muda, anapiga tena, na analipwa kwa kuutunza. Pesa ya kuanzia ilipitia Benki ya Dunia. Mwaka 2022 wakashinda dola milioni moja kwenye shindano la mameya la taasisi ya Bloomberg ya Marekani kwa wazo la kuuza rekodi za miti hiyo kwa kampuni zinazotaka kuonyesha zimefanya jambo, ili pesa ya utunzaji isikatike.

Nyie hamhitaji programu ya simu. Daftari la mistari linatosha: namba ya mti, nyumba iliyo karibu, jina la mwangalizi, na safu tatu za Septemba, Januari na Juni. Mkaguzi akifika akakuta kijiti kisicho na majani, akikwaruze gome kwa ukucha karibu na shina. Kukiwa na ukijani chini yake, mti unaishi, umedondosha majani tu kujiokoa. Kukiwa kahawia na kukavu, futa jina. Kipimo hicho hakina gharama na hakidanganyiki kama picha ya siku ya uzinduzi. Nimeviona vibao vya saruji vilivyoandikwa "Mti huu ulipandwa na…", cheo kamili na tarehe, na pembeni pake hakuna mti. Kibao kilipewa fungu lake la fedha, maji hayakupewa.

Habari yako Mama. Niko Nairobi, South B. Sisi wakaazi tunataka kuokoa kipande cha ardhi ya umma kando ya mto, tukipande miti. Wengine wanasema tufanye kama msitu wa Karura hapa jijini, tutoze kiingilio ijilipe yenyewe. Inawezekana?

Nzuri, dada. Karura ina vitu ambavyo kipande chenu hakina, na cha kwanza ni ukubwa: zaidi ya hekta elfu moja, ndani ya jiji, jirani na watu wenye fedha na balozi. Cha pili ni historia. Watu walishaumizwa kwa ajili yake. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa pale getini wakijaribu kupanda miti kwenye ardhi iliyokuwa imegawiwa wajenzi. Hata baada ya hapo msitu ulibaki mahali pa kuogopa kupita. Kilichoufungua ni sheria ya misitu ya mwaka 2005, iliyoruhusu jumuiya kusimamia msitu pamoja na Shirika la Huduma kwa Misitu Kenya, KFS, kisha wakaazi wakaunda jumuiya yao ya marafiki wa Karura, wakachangisha kwa kampuni na watu binafsi, ukajengwa uzio wa umeme. Uzio ulitangulia. Baada ya uzio watu wakaanza kuingia kutembea na baiskeli, kiingilio kikapatikana, vijana wa kijiji jirani cha Huruma wakapata kazi ya ulinzi, na mikaratusi ikaanza kupisha miti ya asili.

Angalia basi mfululizo wake: haki ya kisheria, michango, uzio, wageni, kiingilio. Mkianzia kwenye kiingilio mmeanzia mwisho. Na hata pesa ya kiingilio ina ugomvi wake. Mwaka 2025 KFS ilipotaka malipo ya Karura yapitie eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo ya mtandaoni, makelele yalikuwa makubwa na jambo likafika mahakamani, kwa sababu swali lilikuwa kama pesa itarudi msituni au itapotelea kwenye mfuko mkuu. Naelewa pande zote mbili. Serikali ina haki ya kuona mapato ya mali ya umma. Lakini mti unaohitaji maji wiki hii hausubiri mgao wa robo mwaka.

Tena kwa kipande kidogo cha kando ya mto, mimi sipendi kiingilio hata kama kingewezekana. Wanaokihitaji kivuli kile ni mama anayeuza mboga na fundi anayesubiri kibarua, na hao ndio wa kwanza kuzuiwa getini. Nendeni kwenye vikao vya wananchi vya bajeti ya kaunti. Katiba yenu ya 2010 imewapa mlango huo na nasikia viti vingi hubaki tupu. Ombeni mambo mawili tu: ardhi ipimwe na iwekwe alama, na waajiriwe watunzaji wawili wa kudumu. Wapandaji mtawapata wenyewe Jumamosi yoyote.

Mama, mimi ni kijana wa Chanika. Nasikia watu wanapata mabilioni ya kaboni. Tukipanda miti mtaani tunaweza kuuza hewa?

Mwanangu, "kuuza hewa" ni kulipwa kwa sababu miti yako inanyonya na kutunza hewa ya kaboni. Mabilioni hayo ni ya kweli lakini si ya mtaani. Waliolipwa vizuri ni kama vijiji vya Wilaya ya Tanganyika, kule Katavi, vinavyolinda msitu wa Ntakata. Msitu ule ni zaidi ya hekta laki mbili, na vijiji vinalipwa kwa kuuzuia usikatwe. Mtaa wenu ukipanda miti mia tano, kaboni yake kwa mwaka haitoshi kumlipa nauli mkaguzi anayekuja kuipima. Serikali ilitoa kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kipo SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Akija mtu na mkataba wa "kuuza hewa" mtaani, muulize mradi wake umesajiliwa kwa namba gani, kisha pigeni simu wenyewe kuuliza. Akianza kudai ada ya fomu, mmeshajibiwa.

Mti wa mjini faida yake iko kwingine: bati lisilochemka saa nane mchana, maji ya mvua yanayozama badala ya kuingia sebuleni kwa jirani wa bondeni. Ni pesa halisi, ila anayeokoa ni mwingine na anayemwagilia ni mwingine. Ndiyo maana fedha za umma haziepukiki.

Je, hatifungani? Tanga wamekopa kwa hatifungani ya kijani. Jiji haliwezi kukopa hivyo likapanda miti? Msomaji, Upanga.

Tanga Uwasa, mamlaka ya maji ya Tanga, waliuza hatifungani ya kijani, yaani hati ya kukopa kwa umma kwa ajili ya miradi ya mazingira, ya shilingi bilioni 53.12 mwaka 2024, ndiyo. Lakini wao wanauza maji, na kila mwezi bili inarudi. Mkungu hautumi bili. Nafasi niionayo ni kuichomeka miti ndani ya mkopo wa kitu kinacholipa: ukikopa kujenga mtandao wa maji, weka na fungu la kupanda na kutunza miti ya chanzo chake. Ukikopea miti peke yake utailipa kwa kodi ya soko, na wenye meza sokoni watakuuliza kivuli chao kiko wapi.

Shikamoo. Naandika kutoka Ohio, Marekani. Mtaani kwetu huku kulikuwa na mradi wa miti, mwaka jana wakatuambia fedha za serikali kuu zimesitishwa. Nikawaza: bora dola mia tano zangu niipelekee shule ya msingi niliyosoma Temeke wapande miti. Unasemaje?

Marahaba mwanangu, na Mungu akuzidishie. Hilo la huko ninalifuatilia kwa sababu lina funzo kwetu. Mwaka 2022 sheria yao kubwa ya tabianchi ilitenga dola bilioni 1.5 kwa ajili ya miti ya mijini, kiasi ambacho mpango wao wa miti hiyo haukuwahi kukiota. Miji ikapanga, vikundi vikaajiri, mwaka 2023 miradi mia kadhaa ikatangazwa. Serikali ikabadilika, na kuanzia Februari 2025 baadhi ya fedha zikakatizwa katikati ya kazi. Nchi tajiri kuliko zote, na bado mche ulioko ardhini umeachwa na kiu kwa uamuzi wa ofisi iliyo mbali. Ukiwa na mfadhili mmoja mkubwa, shika ukijua ana mlango wa kutokea.

Basi dola zako mia tano usizitume mara moja. Sehemu ndogo iende kwenye miche na mashimo, iliyobaki igawe kwa miaka mitatu. Usimtumie mtu binafsi hata kama ni binamu yako, tena hasa kama ni binamu yako. Andikiana na mwalimu mkuu na kamati ya shule, fedha zipite akaunti ya shule. Nunua kwanza matangi mawili na mabomba ya kuvuna maji ya bati. Shule nyingi za Temeke zina mapaa marefu na maji yote yanaishia kwenye mtaro. Maji ya mvua yakivunwa, gharama ya kioski niliyomwandikia katibu wa Kinyerezi inashuka sana. Kila darasa lipewe miti yake, ila usisahau likizo ya Juni na ya Desemba. Miti ya shule hufia likizoni. Mlinzi wa shule alipwe kitu kidogo kwa miezi hiyo, kwa mpesa, baada ya picha.

Na tafadhali chagua kivuli na matunda vyote viwili. Mwembe, mkwaju, mzambarau. Watoto wataurushia mwembe mawe, waache, mti unaoliwa unalindwa na wanaoula.

Nipande nini chini ya nyaya za umeme? Kila mwaka mafundi wanakuja kukata, wanaacha kigogo. Msomaji, Tabata.

Usipande mkungu wala mjohoro, unawapa kazi. Panda mti mfupi: mstafeli, mkomamanga, mlimau. Ukitaka maua, uko mti mfupi wa maua ya njano ambao kila mtu ana jina lake, uje uuone kitaluni. Ulio tayari umeota, upunguze matawi mwenyewe mapema kwa kumwita mtu mwenye msumeno mzuri, akate karibu na shingo ya tawi, pale lilipovimba linapoungana na shina, bila kuchana gome. Wa umeme wanakata kwa haraka kwa sababu wanaokoa waya, si mti.

Mama Kitalu, sisi ni kikundi cha wanawake kumi, Mbagala. Tunataka kuchukua mkopo wa halmashauri wa asilimia kumi tufungue kitalu cha miti. Kitatulipa?

Huu ndio mkopo niupendao: asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Lakini bila riba si bila kurudisha, na mche una tabia moja mbaya kibiashara. Nyanya isipouzwa inaoza, unajua umepata hasara na unasahau. Mche usipouzwa unaendelea kukua. Uchungulie chini ya kiriba, ule mfuko wa plastiki wa mche: mizizi ikishatoboa au ikijizungusha ndani kama kamba, mche huo umepitwa na wakati. Ukiupanda hivyo unasimama mwaka, miaka miwili, halafu upepo wa kusi unaung'oa na mizizi yake bado ina umbo la kiriba. Mnunuzi mwenye macho ataukataa, na asiye na macho atarudi kuwatukana.

Kwa hiyo msianze na mbegu, anzeni na mnunuzi. Mradi wa barabara mara nyingi una kifungu cha kupanda miti na nyasi. Mtafuteni mkandarasi wakati bado anachimba mitaro, siyo akiwa anafungasha. Shule, zahanati, misikiti na makanisa hununua Machi na Oktoba. Watu binafsi wanataka miche mirefu na wako tayari kuilipia mara tatu, kwa sababu kila mtu ana haraka ya kivuli. Gawanyeni: nusu ya kuuza haraka, robo ya miche ya matunda iliyobebeshwa, yaani iliyounganishwa na kikonyo cha mti mwingine, iliyobaki ya miti ya asili kama mkwaju na mtondoo, ambayo inatafutwa na wachache lakini haipatikani.

Kuna jambo la Durban, Afrika Kusini, ambalo ningependa madiwani wetu waliibe. Kuanzia mwaka 2008 jiji lile lilitaka kuotesha msitu kuzunguka dampo la Buffelsdraai. Badala ya kununua miche kwenye kampuni moja, waliacha wananchi wa vijiji vya jirani waoteshe majumbani, kisha wakabadilishana: miche kwa chakula, kwa ada ya shule, hata kwa baiskeli. Fedha za msitu zikaingia moja kwa moja jikoni. Hapa kwetu halmashauri inaweza kuwapa kikundi mkopo kwa mkono mmoja na kununua miche kwa mzabuni wa mbali kwa mkono mwingine. Mkienda kuomba mkopo, ulizeni papo hapo, mbele ya afisa maendeleo ya jamii, miche ya halmashauri ya mwaka huu itanunuliwa wapi. Ombeni jibu kwa maandishi.

Eneo la kitalu msilikodi mpaka mmeonja maji ya kisima chake. Mbagala sehemu nyingine yana chumvi, na miche midogo inaungua ncha za majani kabla hamjajua kinachoendelea. Mkiwa tayari njooni wawili, si kumi, mshinde kitaluni kutwa nzima mjifunze kujaza viriba na kuzoesha miche jua. Sitawatoza, ila mje asubuhi na viatu vya kazi, na chakula mje nacho.